Nyumbani, Bila Kwetu

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba ya udongo iliyokuwa hatua sitini kutoka hapa tuliposimama. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume wa kwanza, wa baba mkulima na mama mfinyanzi. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alizaliwa miguu ikitangulia, ndiyo maana akawa mtu wa kuondoka. Dada yake, ambaye yuko nasi, anasema huo ni uongo mtupu, alizaliwa kama watoto wengine wote. Lakini alivyoipenda hadithi hiyo, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Alianza shule Januari 1960, ile ya ng'ambo ya mto, akaishia darasa la sita mwaka 1965, baba yake alipougua mgongo na shamba likakosa mtu. Mwandiko wake ulikuwa wa kuparua kama kuku, lakini kwa hesabu za kichwani hakuna aliyemfikia. Siku moja mwalimu alichora ubaoni jengo la ghorofa, madirisha yamejipanga kama punje kwenye gunzi. Yeye akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule wa juu kabisa akisahau kitu chini, anafanyaje?" Darasa zima likavunjika mbavu. Mwalimu akamjibu, "Utakwenda wewe kumletea." Mzee alisema maisha yake yalipangwa siku ile, na mwalimu mwenyewe hakujua.

Aprili 1970 alikwenda mjini, akapata kazi ya kufagia ngazi katika jengo la ofisi lenye ghorofa nane. Julai 1973 mwendesha lifti wa jengo hilo aliacha kazi, naye akapewa koti la bluu na kiti kirefu kisicho na mgongo. Lifti ile ilikuwa ya zamani, yenye mlango wa vyuma wa kukunja na mkono wa shaba wa kuzungusha. Ukiuachia mapema, sakafu inabaki chini ya kizingiti na watu wanajikwaa. Ukichelewa, umempitiliza mtu. Yeye aliisimamisha sawasawa, hata mwenye viatu virefu hakuangalia chini. Alijua wakili anashuka ya sita, fundi meno ya pili, makarani ya nne. Aliijua pia siku ya mtu. Mtu akiingia kimya, alitaja ghorofa peke yake: "Ya sita. Inapanda." Mtu akiingia na maneno, alimpa sikio mpaka mlango unafunguka.

Katika miaka thelathini na minane alimpitiliza mtu mmoja tu. Ilikuwa Septemba 1984, siku aliyopata simu ya maandishi kwamba binti yake amezaliwa. Karani mmoja mama wa makamo alitaka ya nne, akajikuta ya nane, mlango uko wazi na mwendesha lifti anatabasamu na ukuta. Kwa mwaka mzima baadaye, kila asubuhi, alimwambia mama yule, "Ya nne, mama. Leo sikupitilizi." Naye alimjibu, "Angalia tu asizaliwe mwingine."

Kazi ile ilimwachia mazoea ambayo sisi wa huku yalitusumbua. Akiingia chumba chochote, hatua mbili tu, anageuka na kutazama mlango. Anaposimama hivyo, kila mwenye nyumba anadhani mgeni ameshaudhika. "Mbona unaondoka, hata hujakaa?" "Siondoki. Nasubiri mwingine aingie." Watoto wa kijiji wakamwita Babu Ghorofa. Mjini alikuwa Mzee wa Lifti.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1975, alimwoa binti wa fundi seremala wa kijiji hikihiki, ambaye ndiye bibi yetu. Wakajaliwa watoto watatu. Bibi alibaki huku na mashamba na mbuzi, na Babu akawa mtu wa likizo, mwezi mmoja kila mwaka. Bibi alitia guu mjini mara moja tu, Agosti 1979, akakaa siku kumi na moja. Chumba cha Babu kilikuwa ghorofa ya pili, dirisha linatazama barabara. Usiku wa kwanza Bibi alisikia viatu vya mpangaji wa juu vikienda na kurudi. Akasema, "Nitaishije na mtu anatembea juu ya kichwa changu?" Babu alimpeleka kazini akampandisha kwenye lifti. Bibi aliushika mkono wa lile koti la bluu mpaka ya nane, akachungulia nje, akaona mapaa na watu wadogo kama siafu. "Nimeona," akasema. "Sasa nishushe."

Tangu hapo kila mmoja alibaki na upande wake, na mabishano yao yakawa kama mchezo. Bibi alisema huko ukianguka ngazini watu wanakuruka. Babu alisema huku ukipiga chafya, jioni jirani wa tano anakuja kukupa pole. Wote tulicheka. Hakuna aliyejua kwamba mmoja wao hakuwa anatania.

Maana Babu alikuwa na kauli mbili. Mjini aliwaambia watu, "Mimi hapa wa kupita tu." Huku akasema, "Mwakani narudi moja kwa moja." Alisema hivyo miaka mingi, na kila upande ulimwamini. Wala hakuwa mwongo. Ni maneno ambayo mtu wa kijijini anatakiwa kuyasema akiwa mjini, naye alikuwa na adabu.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, akarudi kwenye nyumba hii ya vyumba vitano aliyoijenga likizo baada ya likizo. Ni yeye aliyetaka lile dirisha kubwa lielekee njiani. Alikaa pale miezi saba akiangalia njia. Alilima, ndiyo. Alichunga mbuzi, wakamshinda, akawaita wahuni. Siku moja alimwambia dada yake, "Huku kila uso ninaouona naujua mpaka babu yake. Kule kila siku naona uso ambao sijawahi kuuona, na naupeleka unakotaka." Dada yake akamwambia aache maneno ya ajabu, akachume maharage. Novemba akaaga kwamba anafuatilia karatasi za pensheni, siku nne tano tu. Hakurudi kuishi tena. Alichukua chumba kilekile cha ghorofa ya pili, na karatasi hizo zilifuatiliwa kwa miaka kumi na miwili. Bibi hakumuuliza zimefikia wapi.

Mwaka 2019 mjukuu mmoja alikwenda kuishi naye, na huyo ndiye aliyekuja kugundua jambo ambalo sisi wengine lilitupita masikioni. Babu alikuwa na nyumbani mbili. Akizungumzia huku, alisema "nyumbani kwetu". Akizungumzia kile chumba, chenye redio, mmea kwenye kopo la rangi na kiti kirefu alichopewa siku ya kustaafu, alisema "nyumbani" tu, bila kwetu. "Twende nyumbani, jua kali." "Nyumbani kuna sabuni?" Hakuchanganya hata siku moja.

Novemba 2022 alianguka kwenye ngazi za nyumba ile. Hakuna aliyemruka. Fundi viatu anayefanyia kazi chini ya ngazi hizo alimbeba mgongoni mpaka juu, akampashia maji, akamtuma mjukuu dawa. Tangu siku ile, kila asubuhi akifungua kazi, fundi alipiga nyundo mbili ukutani, na Babu juu alijibu kwa kugonga sakafu mara mbili na bakora. Maana yake, nipo. Bibi aliposimuliwa habari hizo alisema, "Basi yupo mmoja."

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka uliofuata. Alilazwa tarehe 24 Machi 2024. Jumatatu ya tarehe 8 Aprili daktari aliwaambia watoto kwamba wanaweza kumchukua, akakae mahali anapopapenda. Asubuhi hiyo, kabla wakubwa hawajaingia, Babu alimpa mjukuu maagizo. "Ule mmea utakuwa umekauka. Ukaumwagilie. Fungua dirisha, nyumbani kusinuke dawa. Na fundi viatu mwambie nyundo zake nitazijibu keshokutwa."

Kisha akaingia mwanawe mkubwa, tunayemwita Baba Mkubwa. Akainama juu ya kitanda. "Baba, unataka tukufanyie nini?"

"Nataka kwenda nyumbani," Babu akasema.

Baba Mkubwa alilia. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu akiwa mtoto wa kusubiri Desemba. Akatoka na simu mkononi, wakamsikia koridoni akisema, "Mama, Baba kakubali. Kasema mwenyewe kwa mdomo wake, nyumbani." Mjukuu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika chupa ya chai. Alifungua mdomo. Akamwona Baba Mkubwa anavyofuta macho na kucheka kwa pamoja, akaufunga. Alijiambia wakubwa watakuwa wanajua zaidi.

Kesho yake gari lilifika kwenye njia panda ambayo kushoto ni kwenda kwenye kile chumba. Likapinda kulia. Babu aliinua kichwa kwenye mto. "Dereva, umepinda wapi?"

"Tunakwenda nyumbani, Baba," akajibu Baba Mkubwa. "Kule kwetu."

Babu alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akafumba macho. Hakubisha. Maisha yake yote alikuwa amemwambia mwanawe kwamba nyumbani ni huku. Angembishia kwa maneno gani?

Walifika saa kumi na moja jioni. Bibi alikuwa mlangoni, amevaa nguo yake nzuri, na kitanda amekihamishia kwenye dirisha kubwa. Walipomwingiza, Babu aliomba wamgeuze atazame mlango. Ndipo akasema, "Mke wangu, nimepitilizwa."

Waliokuwepo walidhani ni homa. Bibi hakudhani hivyo. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamvua viatu. "Basi shuka hapahapa," akasema. "Mimi kituo hiki nakingoja tangu sabini na tano." Babu alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Aliishi siku tisa. Asubuhi ya kwanza alisikika akigonga fremu ya kitanda mara mbili. Bibi, aliyekuwa jikoni, akauliza kuna nini, na mjukuu akamweleza habari ya nyundo. Asubuhi ya pili, Babu alipogonga, Bibi alijibu ukutani kwa mwiko, mara mbili. Ikawa hivyo kila siku.

Jumatano mchana waliongea mlango ukiwa wazi, bila kumficha mtu.

"Ningekwambia mapema," Babu alisema.

"Uniambie nini?"

"Kwamba kule napapenda. Si kazi tu. Napapenda."

"Na mimi ningekuuliza," Bibi akasema. "Niliogopa jibu. Ungeniambia, ningekuja. Si kuishi, viatu vya watu juu ya kichwa siviwezi. Lakini ningekuja zaidi ya siku kumi na moja."

Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024, asubuhi, Babu alikawia kugonga. Bibi akagonga yeye kwanza, mara mbili. Babu akajibu kwa pigo moja tu. Saa tatu na robo alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, Bibi amemshika mkono wa shati kama siku ile ya lifti.

Ijumaa mjukuu aliwaeleza Bibi na Baba Mkubwa alichokijua pale hospitalini na hakukisema. Baba Mkubwa alikaa juu ya jiwe la kufulia, akasema maneno mawili tu, "Ningegeuza gari." Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Bibi alisema, "Mimi nilijua tangu alipoingia, na sikuwaambia mumrudishe. Nilimtaka. Kwa hiyo tugawane." Halafu akaagiza hivi: "Mkiandika habari zake, msiandike amerudi nyumbani. Andikeni alikuja kwangu."

Basi ndivyo ilivyoandikwa. Alikuja kwake.

Mmea ulimwagiliwa na fundi viatu, ambaye amefunga kazi leo na yuko hapa nyuma, amesimama karibu na lango. Kabla ya leo hakuwahi kukanyaga kijiji hiki. Asubuhi aliomba aoneshwe kitanda kilipokuwa, akagonga ukuta mara mbili kwa kidole.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, dada yake, na watu wengi ambao hakuyajua majina yao lakini alizijua ghorofa zao. Mungu amfikishe palepale alipotaja, asimpitilize. Apumzike kwa amani.