Mwani, Miwani na Mwiko Wangu

Niruhusuni niongee nikiwa nimekaa, ndugu zangu, maana miguu hii imesimama tangu Mungu aumbe majani chai. Nimeombwa nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kuanguka ndiko ninakokujua zaidi.

Nilianguka shambani kwetu Ekerenyo, kikapu cha majani chai mgongoni, njia ikiteleza kwa mvua. Nilianguka kidogo tu, kama mtu anayekaa chini. Lakini mkono ulipovunjika, nawaambia, mlio ulisikika mpaka Keroka. Daktari akatazama picha, akasema, "Mama, mifupa yako ina matundu kama sponji. Tusipoitibu itavunjika tena." Akaniandikia tembe ya kila wiki.

Plasta ikatolewa, mkono ukabaki kama wa kuazima. Sasa mama Mkisii asiyeweza kusonga ugali wa wimbi ni mama gani? Mwiko umesimama katikati ya sufuria, nawe umesimama nao, mnatazamana. Mkaza mwana wangu akauchukua. "Pumzika, mama." Alisema kwa upendo, lakini neno hilo lilinichosha kuliko kuchuma chai ya Nyamira nzima. Na ile tembe! Unaimeza asubuhi kabla hujaonja kitu, kisha unakaa wima kama askari wa gwaride, ole wako ulale. Nilichoka. Nilichoka hata kuchoka.

Jirani akaninong'oneza: "Sokoni Daraja Mbili kuna dawa ya baharini. Ukiipata, hizo tembe tupia kuku." Nikaenda. Mwenye duka, Muislamu wa hapo mjini ambaye babu yake alitoka pwani, akanisikiliza vizuri, akasema, "Mama, watu wa mifupa huchukua mwani."

"Miwani?" nikamwambia. "Kijana wangu, macho yangu yanaona mpaka Kericho. Mimi ni mifupa!"

Alicheka hadi akashika mizani asianguke. "Si miwani, mama. Mwani. Majani ya baharini. Yanasagwa, yana kalsiamu na madini mengine." Akanipa mkebe. "Lakini mimi nauza tu, sitibu. Mwonyeshe daktari wako kwanza."

Nikaenda kumwonyesha. Kusema kweli nilikwenda kumuaga. "Daktari, asante kwa tembe zako. Nimepata za baharini."

Hakukasirika. Aligeuza mkebe. "Mama, si uliniambia ulisoma masomo ya jioni ya watu wazima ukamaliza? Nisomee hapa nyuma."

Maandishi yale, ndugu zangu, yaliandikwa na mtoto wa siafu. Nikayasogeza mbali, nikayaleta puani. Wapi! Daktari akavua miwani yake, akanivisha. Nikasoma neno kwa neno, kidole kikifuata: hii ni nyongeza ya chakula, si badala ya dawa.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ni uongo?"

"Si uongo. Kuna utafiti kidogo unaoonyesha madini haya huenda yakasaidia mfupa usipungue haraka. Lakini kwamba yanazuia kuvunjika, hilo halijathibitishwa. Na wewe umeshavunjika." Akanipapasa shingo, akauliza kama nina shida ya tezi, maana mwani mwingine una ayodini nyingi. "Ukitaka, tumia. Ila usimeze pamoja na tembe. Na tembe usiache."

Kwa uchovu niliokuwa nao nilitaka jibu lenye vigelegele. Lakini hili la mkebe nilikuwa nimelisoma mwenyewe.

Basi tembe nameza. Mwani nachanganya kwenye uji, mkono naunyoosha kila asubuhi. Kipi kimesaidia? Sijui, msiniulize. Najua juzi nilimwambia mkaza mwana, "Hebu lete huo mwiko." Nikasonga. Ugali ulikuwa na mabonge kama barabara ya kwetu. Baba watoto akatafuna, akatafuna, akasema, "Leo umepika wewe." Kisha akaongeza sahani.

Namshukuru daktari, namshukuru mkaza mwana, namshukuru na yule wa dukani ambaye angeweza kuniuzia na kunyamaza. Nanyi mliochoka kama mimi, mwani upo Daraja Mbili, kaulizeni. Lakini kabla ya mwani, bebeni miwani.