Uzi Wenye Mafundo Mawili

Gari la asubuhi kutoka Timau lilikuwa na abiria sita tu, na mashamba ya ngano yalipita dirishani polepole, ukungu bado umeyalalia. Binti yangu alisinzia mapajani. Mbele yetu, baba mmoja aliyevaa viatu vya gambuti alimgeukia msichana aliyepakata gitaa.

"Hilo ni la besi, dada? Ndilo naenda kumnunulia Kathambi wangu. Ana miaka saba. Kanisani wenzake wakiimba juu, yeye huvuma huku chini, peke yake."

Akatoa mfukoni uzi wa mkonge. Fundo la kwanza, akaeleza, lilionyesha urefu wa mkono wa mtoto. La pili alikuwa ameliongeza mwenyewe, la kukua.

"Baba, gitaa si sweta ya shule, ati utamkunjia mikono," msichana akasema. "Chukua lile fupi. Kubwa litamuumiza vidole aliache."

"Na akilipita mwaka ujao? Mimi nanunua mara moja tu."

"Mwaka ujao atakuwa anapiga."

"Kwani wewe ulianza na lipi?"

"Kubwa. Lilikaa chini ya kitanda miaka minne."

Baba akayatazama mafundo ya uzi wake. Nami nikaitazama sweta ya binti yangu, iliyomfika magotini.

Gari likasimama Makutano. Baba akashuka, uzi ameuzungusha kidoleni, nisione ameshika fundo lipi. Nikamkunjia binti yangu mikono ya sweta, mkunjo baada ya mkunjo, mpaka vidole vyake vikatokea.