Barnabas Ryoba na Maji Yaliyopasua Damu

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bwana Barnabas Ryoba, afisa wetu wa maabara, anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Lynnet Nyasuguta, muuguzi wa wodi ya watu wazima, kazi ya kuandika ukurasa huu. Niliombwa niandike mambo ya kufurahisha. Nitaanza nayo, maana yapo mengi. Lakini kuna Jumanne moja ambayo siwezi kuiruka, na mtakapofika hapo mtaelewa kwa nini.

Bwana Ryoba ni mzaliwa wa Kuria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Alifika hapa mwaka 1991 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, akapewa chumba kilichokuwa ghala la mahindi la misheni na kuambiwa hiyo ndiyo maabara. Alichokuta ni meza, taa ya mafuta na panya. Leo maabara ina wafanyakazi wanne, jokofu la damu na mashine ambazo wauguzi wengine tunaogopa kuzigusa. Wanafunzi wa mafunzo kutoka Rongo hutumwa kwake kila mwaka, na wengi wamekuwa wakuu wa maabara kuanzia Homa Bay mjini hadi Isebania.

Wanafunzi hao ndio waliompa jina la Bwana Utando. Siku yao ya kwanza hakuwaonyesha darubini. Aliwakalisha mbele ya glasi ya maji moto, akatumbukiza pakiti ya majani ya chai na kuwakataza kukoroga. Walikaa wakitazama wekundu ukishuka na kusambaa polepole mpaka glasi nzima ikawa ya rangi moja. Ndipo akawauliza ni nani aliyeisukuma chai. Hakuna, bila shaka. Kitu hutoka palipo kingi kwenda palipo kichache, bila kulipwa wala kulazimishwa, na ndivyo hewa safi inavyopenya utando wa mapafu na kuingia kwenye damu yetu kila tunapovuta pumzi.

Jikoni nako hakukusalimika. Krismasi moja Liz, mpishi wetu, alitia chumvi kwenye kachumbari mapema ili apumzike. Chakula kilipoandaliwa bakuli lilikuwa limejaa maji na vitunguu vimelegea kama kamba. Bwana Ryoba alisimama na sahani mkononi, akatueleza kwamba kila seli ya kitunguu imezungukwa na utando mwembamba sana, na kwamba maji hupita kwenye utando huo yenyewe, yakielekea upande wenye chumvi nyingi. Somo lilichukua dakika ishirini. Nyama ikapoa. Liz hajamsamehe mpaka leo, ingawa tangu siku ile chumvi ya kachumbari huitia dakika ya mwisho.

Basi tulicheka. Hakuna aliyedhani kwamba somo lile la kachumbari lingekuja kugusa uhai wa mtu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 16 Aprili 2019. Mvua zilikuwa zimeanza na wodi yangu ilikuwa na wagonjwa watatu wa kuhara waliohitaji dripu haraka. Wa kwanza alikuwa Mzee Maranga, mkulima wa Lambwe. Wa pili alikuwa mwanamke aitwaye Helen, na wa tatu kijana mmoja muuza nguo wa Rodi Kopany. Nilifungua katoni iliyotoka stoo asubuhi hiyo, iliyoandikwa kwa nje kwamba ndani mna maji ya chumvi, yale tunayoyatundika kila siku. Nikatoa chupa tatu, nikazitundika. Saa tano chupa za Mzee Maranga na Helen zilikuwa zimeisha, nikatundika nyingine. Sikusoma maandishi ya chupa hata moja.

Adhuhuri mkojo wa Mzee Maranga ulibadilika ukawa mweusi kama soda ya kola. Tabibu wetu wa zamu, klinikal ofisa Jeff Monari, alihisi ni malaria kali, na kwa sehemu hizi mtu yeyote angefikiri hivyo. Akaagiza damu ipelekwe maabara.

Bwana Ryoba aliizungusha damu ile kwenye mashine. Damu ikizungushwa, chembe nyekundu hutulia chini na maji yanayobaki juu huwa ya manjano hafifu. Safari hii maji ya juu yalikuwa mekundu. Chembe zilikuwa zimepasuka na wekundu wake kumwagika. Akaitazama damu kwa darubini akitafuta vijidudu vya malaria, asikione hata kimoja. Akaja mwenyewe kuchukua damu nyingine, akarudi nayo maabara, ikawa vilevile. Mara ikafika damu ya Helen, ambaye mkojo wake nao ulikuwa umebadilika. Nayo ilikuwa nyekundu juu.

Alirudi wodini akitembea upesi, na hilo peke yake lilitushangaza kwa sababu si mtu wa haraka. Hakuwaangalia wagonjwa. Aliangalia stendi za dripu. Alifunga mirija yote mitatu kwa mkono wake, kisha akashusha chupa ya Mzee Maranga na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Sista Lynnet," alisema kwa sauti ya chini, "nisomee hii."

Nikasoma. Yalikuwa maji safi ya kuchanganyia dawa za sindano. Hayakuwa na chumvi hata chembe. Chupa ilikuwa ya umbo lilelile, ukubwa uleule, maandishi ya kijani yaleyale, isipokuwa mstari mmoja. Nakumbuka nilisoma mara ya pili, kana kwamba herufi zingebadilika.

Jeff alikimbia kutafuta dripu sahihi. Msimamizi wetu, Bwana Oyaro, aliitwa, na hakuamini. Aliuliza maji safi kiasi kile, yaliyochemshwa na kufungwa kiwandani, yatamdhuruje mtu. Bwana Ryoba hakubishana naye. Alileta mirija miwili ya kioo, mmoja akautia maji ya chumvi na mwingine maji ya ile chupa. Akajichoma kidole na kudondosha tone moja la damu kwenye kila mrija. Kisha akachukua ratiba ya zamu iliyokuwa mezani, akaishika nyuma ya mirija na kumwomba Bwana Oyaro asome.

Kupitia mrija wa kwanza hakuna kilichosomeka. Maji yalikuwa mazito kama maziwa yenye rangi, kwa sababu chembe zilikuwa nzima zikielea. Kupitia mrija wa pili, kabla hata hajamaliza kuutikisa, maji yalikuwa mekundu na maangavu kama sharubati, na jina langu lilisomeka vizuri kwenye zamu ya Jumanne. Chembe zote zilikuwa zimekwisha. Ndani ya chembe mna chumvi. Nje kukiwa hakuna, maji huingia kupitia utando, huingia na kuzidi kuingia, mpaka chembe inavimba na kupasuka. Hakuna anayeyasukuma. Ndicho kitu kilichonitisha kuliko vyote, kwamba halikuhitajika kosa lingine baada ya langu. Maji yalifanya kazi yake ya kila siku.

Mzee Maranga alifariki saa tisa na nusu mchana. Yule kijana alikuwa amepata maji machache, akapona. Figo za Helen ziliacha kufanya kazi, akapelekwa Homa Bay mjini kusafishwa damu kwa mashine kwa wiki tatu. Bwana Ryoba alikuwa akienda kumtembelea kila Jumapili, kwa kuwa Jumamosi yake ni ya kanisa. Ndiye aliyemweleza kwamba ndani ya mashine ile mna utando pia, na uchafu wa damu unavuka wenyewe kwenda upande usio na uchafu. Helen alinisimulia baadaye kwamba ndipo alipoacha kuiogopa. Yuko hai, ana duka lake.

Jioni ya Jumanne ile tuliitwa ofisini. Bwana Oyaro alikuwa na hofu kwamba hospitali ingefungwa, na watu wa vijiji vyote hivi wangetibiwa wapi. Alipendekeza cheti cha Mzee Maranga kiandikwe malaria kali. Alihitaji tu majibu ya maabara yalingane. Alimsogezea Bwana Ryoba daftari na kalamu. Nakiri kwamba moyoni nilikuwa namwomba aandike.

"Mimi niliona damu iliyopasuka," alisema. "Malaria sikuona. Siwezi kuandika nisichokiona."

Akaulizwa kama anajua atakuwa amemponza Sista Lynnet. Akanigeukia, akasema ndiyo, anajua, na kwamba nilizitundika mimi na hilo nalo litaandikwa, pamoja na katoni na stoo. Nilimchukia. Naandika neno hilo katika ukurasa wa kumsifu kwa sababu ndilo lililokuwa kweli. Miaka kumi tulikuwa tumekunywa chai pamoja, na sikuona hata kope yake ikitikisika.

Alhamisi alikuja nyumbani kwangu na kusema anakwenda Lambwe kwa mjane wa Mzee Maranga, kwamba gari lina nafasi, na kwamba hanilazimishi. Nilikwenda.

Mjane huyo, Mama Nyamusi, alitupokea chini ya turubai la matanga, watu wamejaa. Bwana Ryoba alimwomba faragha, tukaingia ndani na ndugu wawili wa marehemu. Alimweleza yote kwa maneno mepesi. Alipoona haeleweki akatoa mirija yake, akajichoma tena kidole, na kumwonyesha. Mama yule aliishika mirija miwili kwenye mwanga wa mlango kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo ni maji tu?" aliuliza.

"Ni maji tu, mama."

Akauliza ni nani aliyeyatundika. Bwana Ryoba hakujibu. Hakuniangalia pia. Alingoja.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Ndugu mmoja alisimama. Mama Nyamusi akamwashiria akae. Hakuniambia amenisamehe, na sikustahili kuambiwa hivyo siku ile. Alinisogezea kigoda kando yake, akaniambia niketi na nimsimulie saa za mwisho za mumewe, alisema nini, alimwulizia nani. Nilimsimulia. Mzee aliulizia wajukuu. Alitaka kujua kama mvua imenyesha shambani kwake. Nilikaa pale mpaka jioni, na siku ya mazishi nilirudi.

Uchunguzi ulibaini kwamba chupa za aina mbili zilikuwa zimechanganywa katoni moja kabla hazijatufikia, na kwamba hapa kwetu hakuna aliyesoma, kuanzia stoo hadi kwangu. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu. Niliporudi nilikuta Bwana Ryoba amepigania sheria ambayo sasa ninyi vijana mnaiona ya kawaida tu, kwamba kila chupa ya dripu inasomwa kwa sauti na watu wawili kabla haijatundikwa. Hospitali nyingine za Migori na Homa Bay zimekuja kuiga. Kwa miaka sita hatujapata kosa la namna ile tena. Bwana Oyaro ndiye aliyeandika ripoti kamili mwishowe, na hospitali haikufungwa. Alisoma ukurasa huu kabla haujachapishwa. Mimi nilikuwa nimeandika "msimamizi mmoja". Akakata, akaweka jina lake. Familia ya Mzee Maranga nayo iliusoma na kuruhusu.

Nilidhani nimemaliza kuandika hapo. Lakini wiki iliyopita nilimkuta Bwana Ryoba akifuta kabati za maabara ili amkabidhi mrithi wake funguo, nikamwuliza kama kuna jambo angependa niongeze. Alifuta rafu nzima kabla ya kujibu. Akasema kwamba siku ile, alipoiona damu ya kwanza ikiwa nyekundu juu, alidhani ameiharibu mwenyewe kwa kuitikisa. Hakutaka kuaibika mbele ya wauguzi. Ndiyo maana alikuja kuchukua nyingine kimyakimya, asiseme kitu, wala asiinue macho kwenye stendi. Kuanzia pale hadi alipofunga mirija zilipita dakika arobaini. Alizihesabu baadaye kwenye daftari lake. Dakika arobaini za maji kuingia.

Mtu niliyedhani hakutikisika hata kope amekuwa akizibeba dakika hizo kwa miaka sita, na hakumwambia mtu, mpaka siku ya kufuta rafu. Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Akasema yaandikwe, kwa kuwa ndivyo yalivyotokea.

Bwana Ryoba, unarudi Kuria kwa ng'ombe zako na kwa mama watoto aliyekungoja miaka mingi. Asante kwa wagonjwa waliotembea kwa miguu yao kwa sababu uliangalia tena. Asante kwa kutonificha. Tunakuombea afya, mvua ya wakati wake na usingizi mzuri. Zile dakika arobaini usiende nazo nyumbani. Ziache hapa wodini. Tuko wengi, tutazibeba.