Vitambaa Arobaini na Kimoja vya Mwalimu Gaudensi

Ndugu waombolezaji, mimi ni Andrea, mdogo wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, nami nitajitahidi kusimama wima, ingawa yeye hakupata kumaliza msiba wowote bila kuinama kuchungulia majani.

Mwalimu Gaudensi Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Mbinga, mtoto wa nne wa Mzee Petro na Mama Theresia, akaanza shule mwaka 1940, akahitimu ualimu mwaka 1952, na katika miaka hiyo yote alichapwa kwa kosa moja tu, kuchelewa, kwa kuwa njiani kulikuwa na maua.

Januari 1974 alihamishiwa mkoani Mtwara, katika shule ya kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kitaya, akakuta watoto wanachimba ming'oko, viazi vya porini vilivyowavusha watu wa huku njaa nyingi, naye akaingiwa na hofu ya kweli, kwa sababu vichaka hivyo hivyo vina mkalamu, mmea wenye ua jekundu lenye pindo za manjano, petali zimepinduka juu, na ncha ya jani hujisokota ikashika mti wa jirani. Mzizi wake ni sumu, na kiangazi, wakati wa kuchimba, ua na jani vimekwisha kauka, limebaki shina tu.

Basi masika ya 1975 alipita vichakani akafunga vitambaa vyekundu arobaini na kimoja, kila alipoona ua la mkalamu, akimaanisha kwamba hapa pana kifo, wala hakumwambia mtu, maana aliona alama inajieleza. Kumbe kwa desturi ya huku kitambaa kichakani maana yake pana mwenyewe, atarudi kuchimba. Watu waliheshimu huku wakinung'unika, hadi mwezi Agosti, Mwenyekiti wa kijiji, ambaye yuko nasi hapa na ameomba asitajwe jina, nasi tumemkubalia Mzee Ussene, alipomtangaza marehemu kuwa mnyonyaji aliyejilimbikizia ming'oko ya umma, akaamuru vichaka vyote vyenye vitambaa vichimbwe kwa pamoja, viazi vipikwe kwa pamoja na viliwe kwa pamoja.

Marehemu, aliyekuwa amefuata chaki Mtwara mjini, alirudi akakuta sufuria inachemka na kijiji kizima kimeshika sahani, akapiga kelele kwamba wasile, na kadiri alivyozidi kuwasihi, ndivyo walivyozidi kuamini uchoyo wake. Aliyewaokoa ni Felismina, binti wa ng'ambo ya Ruvuma aliyekuja kuuza chumvi, ambaye aliokota mzizi mmoja uliobaki chini, akaona umegawanyika panda, kama ulivyo mzizi wa mkalamu, akaimwaga sufuria yote bila kumwomba mtu ruhusa. Kisha akachambua lundo ambalo halijapikwa, akakuta humo ming'oko halali ya vichaka vitatu, kwa maana mkalamu ulikuwa umeupanda mng'oko, na Mwalimu aliona ua la mkalamu akafunga kitambaa kwenye shina la mng'oko, hivyo Felismina akamwambia mbele ya watu kwamba siku nyingine ashike ua kwa mkono mmoja, ateremke kwa mkono wa pili mpaka udongoni, kwani anayeoa sura bila kuuliza ukoo atajuta. Kwa aibu hiyo kaka yangu alimpenda hapo hapo.

Mwaka uliofuata alifunga kitambaa chekundu kwenye mlango wa kina Felismina, na kaka wa binti, Raimundo, alipouliza kama maana yake ni pana mwenyewe au pana sumu, marehemu alijibu kwamba yuko tayari kwa yote mawili. Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 1976, wakajaliwa Anna, Stefano na Deolinda, na tangu Mwalimu aanze kufundisha ua, jani na shina mpaka udongoni, hakuna mtoto wa shule ile aliyekula mzizi ule.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 1982, akafariki Jumamosi, tarehe 9 Juni 1984. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwasahihisha kuhusu maua ya dirishani, walimu wenzake, majirani, na Mzee Ussene, aliyechimba kaburi hili kwa mikono yake tangu alfajiri, akakataa kupokewa jembe.

Kitambaa chekundu mnachokiona msalabani amekifunga Mama Felismina asubuhi hii. Mzee Ussene alimuuliza kwa upole kinamaanisha nini safari hii, naye akajibu kwa desturi ya huku.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Pana mwenyewe.