Safari Hii Mkavu Hatanii

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, wasikilizaji wake, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma mkiwa mmeinua simu juu, familia inawaomba kwa heshima zote mzishushe simu hizo, kwa sababu hakuna kitakachotokea, jeneza hili halina kipaza sauti ndani, na mjomba wa marehemu, ambaye ndiye aliyepewa jukumu la kusoma historia hii, amelifungua mwenyewe leo asubuhi na kumgusa mpwa wake paji la uso. Mkavu amefariki dunia. Familia inalisema hili kabla hata ya tarehe ya kuzaliwa, ingawa si utaratibu, kwa kuwa tangu jana kuna watu wanamvuta mjane pembeni na kumnong'oneza, shemeji, sisi tuambie ukweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika zahanati iliyokuwa nyuma ya soko, akiwa kitinda mimba wa watoto wanne wa fundi saa na mpishi wa shule, na mkunga alisimulia kwamba alitoka bila kulia, akapigwa kofi moja, akapigwa la pili, akawa anawatazama tu, na mama yake akasema pale pale kitandani kwamba huyu mtoto ana dharau. Jina la Mkavu alipewa na mjomba wake huyu huyu, kwa sababu alikuwa anavunja kikombe mbele yako, kisha anakutazama kwa macho makavu na kukuuliza, mjomba, hivi nani kavunja hiki kikombe?

Alianza elimu ya msingi mwaka 1993 katika shule ile ile aliyopikia mama yake, kwa hiyo hakuna kosa alilofanya darasani ambalo mama hakulijua kabla uji haujaiva, akamaliza mwaka 1999, mwaka ambao pia baba yake alifariki, na mwaka 2000 akaingia sekondari, ambako siku ya mkutano wa wazazi alimwigiza mwalimu mkuu, kikohozi chake, mwendo wake na namna yake ya kuvuta suruali, mwalimu mkuu akacheka mpaka akavua miwani, alipomaliza kucheka akamfukuza kwa wiki mbili. Alihitimu mwaka 2003, akajiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha ufundi wa majokofu mwaka 2005, na msije mkadhani alikuwa fundi wa kubahatisha, la hasha, alikuwa anaweka kiganja mgongoni mwa jokofu na kukuambia linaumwa wapi.

Alifanya kazi katika karakana ya majokofu kuanzia mwaka 2006, na mwezi Oktoba 2009 ndipo alipopanda jukwaani kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa nyuma wa mgahawa mmoja, viti vya plastiki, taa moja inayochechemea, na watu wengi wamempa mgongo wanakula. Aliwaambia kwamba kimya chao ni kama jokofu bovu, taa inawaka vizuri tu, ila ndani kila kitu kinaoza. Hakucheka mtu isipokuwa binti mmoja mshonaji, aliyekuwa amekaa karibu na mlango akimsubiri mteja wa kumpima gauni, naye alicheka peke yake mpaka akaona aibu akajifunika uso kwa futi ya kupimia. Marehemu alifunga ndoa na mshonaji huyo tarehe 18 Agosti 2012, wakajaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 2013 na wa kiume mwaka 2017.

Mwaka 2013, mke akiwa na mimba ya miezi saba, marehemu aliacha kazi ya karakana ili awe mchekeshaji na si kitu kingine, na hapa familia haitapaka maneno sukari, ilikuwa ni miaka ya dhiki. Alichekesha kwenye sherehe za kuzaliwa za watoto waliokuwa wanalilia keki, alichekesha kwenye mikutano ya mauzo kati ya hotuba na hotuba, alikaa kwenye mabenchi ya mapokezi ya vituo vya redio mpaka walinzi wakawa wanamwamkia, na mama yake alipoulizwa na wapishi wenzake mwanao siku hizi anafanya kazi gani, alijibu, anaongea. Mwaka 2018 akaanzisha podikasti yake, akiwa na rafiki yake tunayemwita Fundi Sauti, na studio ilikuwa kabati la mke wake, kwa sababu magauni ya wateja yalizuia mwangwi, ikawa miezi ya harusi nyingi kipindi kinatoka na sauti safi kabisa, harusi zikipungua anasikika kama yuko kisimani. Kila wiki, mvua au jua, aliingia kabatini na kuchekesha magauni, na waliomsikiliza walikuwa hawajazi chumba kimoja cha darasa.

Ndugu zangu, maji yakizidi unga mtu hufanya mambo. Ijumaa tarehe 12 Februari 2021, marehemu alimwambia Fundi Sauti aweke mtandaoni picha yake yenye mshumaa na maneno, Tumempoteza. Mama yake aliambiwa akiwa jikoni shuleni, akakimbia na aproni yake, mjomba wake akasafiri usiku kucha amesimama, majirani wakaanza kupanga viti, na mke, ambaye naye hakuambiwa lolote, alikuta kundi la watu mlangoni kwake wakimwambia pole. Sebule ilipojaa vilio, kabati likafunguka, Mkavu akatoka na macho yake yale yale makavu, akasema, poleni sana kwa msiba wangu. Mama alimpiga kwa kiatu mpaka kiatu kikatoka soli, kisha akamkumbatia asitake kumwachia, na vyote hivyo, kilio, kiatu na kukumbatia, vilikuwa vinarekodiwa, maana kinasa sauti kilikuwa chini ya meza.

Kipindi kile kilisikilizwa na watu ambao hatuwezi kuwahesabu. Ndani ya mwaka mmoja marehemu alijaza kumbi ambako zamani walinzi walikuwa wanamfukuza, muuza magodoro akadhamini podikasti, watoto wakahamia shule nzuri, na mama akafunguliwa jiko lake mwenyewe. Mjomba wake alikaa mwaka mzima bila kumpa mkono, na hata leo, mbele ya jeneza, hajuti, kwa kuwa alimwambia uso kwa uso, mzaha mzaha hutumbuka usaha, naye marehemu akajibu, mjomba, usaha huo ndio unaolipa ada.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Aprili 2024, kwanza uchovu, kisha madoa ya damu chini ya ngozi ya mikono, na Jumamosi tarehe 8 Juni akiwa jukwaani pua ilianza kutoka damu, ikachirizika mpaka kwenye shati jeupe, na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Madaktari walisema uboho wa mifupa yake umeacha kutengeneza damu, kwamba matibabu yapo lakini yanachukua muda kufanya kazi, na kwamba katika muda huo ataishi kwa damu ya watu wengine tu. Kundi lake lilikuwa O hasi, ambalo ni adimu, na katika familia nzima hakuna aliyefanana naye isipokuwa mjomba, ambaye alikwenda maabara akakunja mkono wa shati, akaambiwa, mzee, umri umepita, akagombana nao mpaka akatolewa nje kwa upole.

Mwezi Septemba akiba ya damu ya hospitali iliisha. Tarehe 10, akiwa kitandani, marehemu alirekodi kipindi kisicho na utani hata mmoja, akasema, jamani, naumwa, nahitaji damu, O hasi, njooni hospitali, hii si kiki, naapa kwa wanangu. Wasikilizaji wakakisifu, Mkavu umetisha, Mkavu huna mpinzani, umeanza na kufa sasa umerudi kuugua. Akarekodi cha pili, akalia, mtu mzima na watoto wake, akalia kabisa, na ndani ya siku mbili kile kilio kilikuwa mlio wa simu za watu, hata mfagizi wa wodini simu yake iliita hivyo mbele ya mgonjwa mwenyewe. Mke wake alikwenda kusimama nje ya soko na kipande cha boksi alichoandika juu yake kundi la damu, watu wakamzunguka wakicheka, wakageuka huku na huku wakimuuliza, shemeji, kamera iko wapi? Alirudi wodini, marehemu akamuuliza wamesemaje, mke akasema wanakuja. Hiyo ndiyo mara pekee katika ndoa yao, kwa maneno yake mwenyewe, aliyomdanganya mume wake, na marehemu alimtazama, akajua, akageukia ukutani.

Alimwomba muuguzi mkuu wa wodi azungumze badala yake. Muuguzi alikataa, kanuni zinakataza kutangaza habari za mgonjwa, lakini marehemu alimsihi asubuhi na jioni, akamwambia, sista, wewe una sauti ya mtu asiyejua kutania. Alhamisi tarehe 19 Septemba jioni muuguzi alikaa mbele ya kinasa sauti na kusema maneno machache tu, mimi ni muuguzi, sijui kuchekesha, huyu mtu anakufa. Watu waliamini. Alfajiri ya Ijumaa foleni ilianzia mlango wa maabara ikafika getini, vijana, wanafunzi, akina mama, hata muuza magodoro.

Marehemu alifariki alfajiri hiyo hiyo, kabla maabara haijafunguliwa.

Njia ya kwenda chumba cha maiti inapita pale pale penye foleni. Machela ilipita imefunikwa shuka, watu wakasogea kupisha kwa adabu, hawakujua ni nani, wakaendelea na hadithi zao, na hadithi zao zilikuwa ni yeye, mmoja alikuwa anamwigiza vizuri kiasi kwamba mke, aliyekuwa akitembea nyuma ya machela, aligeuka ghafla akidhani ameitwa. Foleni nzima ilicheka. Walipoambiwa baadaye, kuna kijana aliyempigia muuguzi makofi, akasema, sista, na wewe amekufundisha! Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye benchi la maabara, hakulia, mikono imelala mapajani kama si yake, na yule kijana alipomwona alinyamaza, na kimya kikaenda mstari mzima mpaka getini.

Hakuna aliyeondoka. Familia inawashukuru mliobaki mkatoa damu, kwani ilimfaa mama aliyekuwa anajifungua kwa shida na majeruhi kadhaa ambao hatuwajui. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi mkuu, ambaye tunawaomba wakubwa wake wasimwadhibu, tunawashukuru majirani waliopanga viti kwa mara ya pili bila kuuliza swali, wachekeshaji wenzake waliobeba jeneza, walimu na wapishi wa shule, na tunamshukuru Fundi Sauti, ingawa mjomba ana neno naye baada ya mazishi. Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili na ndugu watatu.

Mwanetu, ulituomba jambo moja tu mwishoni, nalo tumechelewa kukupa. Pumzika kwa amani, Mkavu. Tumeamini.