Bilioni Moja na Saba, na Nafasi Moja ya Kukaa

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kinyozi, linabeba watu watatu, na sheria yake ni moja: ukiulizwa ukashindwa kujibu, unainuka, aliyekushinda anakaa. Wiki nzima nimekunywa kahawa nimesimama kama mlingoti. Mimi, niliyenyamazisha chuo kizima kwenye mdahalo! Kisa, wazee hawa wanakujibu kwa kucheka, na kwao kucheka ni jibu. Jana nikaja na namba. Nikawaambia bilioni moja na saba ni namba tasa: haigawanyiki bila baki, ila kwa moja na kwa yenyewe. Anayebisha aigawe.

— Hakuna kisichogawanyika, akasema Breki, dereva mstaafu. Ukoo wetu uligawanyika kwa sababu ya jogoo.

— Igawe basi, babu.

— Mzigo mkubwa hivyo, binti, lazima utapasuka mahali. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka iko wapi hapo?

— Kwako.

Wakacheka. Nikameza kahawa na hasira pamoja.

— Mimi naona ni uchoyo tu, akasema Jaji, kinyozi mwenyewe, amekaa na mashine mkononi. Sita inakula na mbili, inakula na tatu. Hiyo yako imejifungia ndani na moja. Umoja ni nguvu!

— Nipeni vigae bilioni moja na saba, akadakia Marumaru, fundi vigae. Navipanga safu sawasawa, ukumbi unang'aa.

— Safu ngapi, mjomba?

— Mbili.

— Kimebaki kimoja.

— Tatu.

— Vimebaki viwili.

— Nakata! Penye nia pana njia.

— Hakuna kukata, akaamua Jaji.

— Basi safu laki moja! Utajuaje kama hazikai? Umezipanga wewe?

Nilikuwa nalisubiri hilo.

— Mjomba, ukumbi wako una safu, na kila safu ina vigae vyake. Idadi zote mbili zikifika elfu thelathini na mbili, si umeshapita bilioni moja na saba?

Akahesabu kwa midomo.

— Nimepita.

— Basi upande mmoja lazima uwe mdogo kuliko hapo. Kompyuta ya chuo imejaribu namba hizo ndogo zote, kuanzia mbili. Kila mara kuna baki.

Marumaru akalitazama benchi, akanitazama mimi, akainuka taratibu.

— Kaa, shangazi. Umenila mzima.

Nikakaa! Nikakunja nne. Na ulimi ukaniwasha:

— Bilioni moja na tisa nayo ni tasa. Zimepishana mbili tu, kama kumi na moja na kumi na tatu.

Mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara alikuwa amefika na shati la Jaji.

— Kumbe ni mapacha, akasema. Sasa mwanangu, mapacha wa aina hiyo, huko juu kuna mahali wanakwisha, au wanaendelea tu?

Nikafungua mdomo.

— Wataalamu wa dunia nzima bado...

— Hajawauliza wao, akasema Jaji. Kakuuliza wewe.

— Sijui.

Sikumbuki mara ya mwisho kulitamka neno hilo. Nikainuka.

— Na wewe, Jaji?

Jaji akajaribu kucheka, hakuna aliyemsaidia. Akainuka. Breki akasingizia goti, tukamwinua wenyewe.

Mama mshonaji akakaa katikati, akamimina kahawa iliyobaki, akatutazama tulivyojipanga ukutani.

— Kumbe hapa pana nafasi yote hii, akasema.