Kitambaa cha Mama Mkwe

Foleni ya kuelekea hospitali ya Mwananyamala ilikuwa imegoma hadi dereva wa bajaji akazima injini. Munira, abiria wa pembeni, alijifanya anatazama barabara, lakini masikio aliwaachia wenzake wawili, dada na kaka, ambao hata majina walikuwa hawajaulizana.

Dada alikuwa ameipakata kompyuta yake kama mtoto mwenye homa. "Braza, mie nakwambia hiki ni kirusi. Nikiandika kidogo tu inachemka, inazima. Na kesho nina ripoti!"

Yule kaka akaiwasha, akaitegea sikio. "Kirusi gani kinakwaruza, sista? Hii ni feni. Inataka kuzunguka, inakwama." Akaigeuza, akachomoa uzi mweupe kwenye matundu ya hewa, kisha mwingine. "Unaiwekaga juu ya nini?"

"Juu ya kitambaa. Mama mkwe kafuma mwenyewe. Kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi. Tivii ina chake, friji ina chake."

Munira akameza cheko. Kwake hata mtungi wa gesi umevaa.

"Basi feni imemeza nyuzi," kaka akahukumu. "Ikisafishwa itapona, ila kitambaa kiondoke."

"Kiondoke?" Dada alimtazama kwa huruma. "Feni nikiharibu nitanunua nyingine. Mama mkwe je?"

Foleni ikaachia. Walifika hospitali wakibishana bado. Dada akateremka, akatoa mkobani kitambaa kingine chenye maua, akaifunika kompyuta ingali ya moto.

"Hiki," akawaambia, "ni cha safari."